Bandu Bandu Huisha Gogo: Mazungumzo Juu ya Mashine za Kamari

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu wa elimu ya watu wazima mbele ya wanakisomo waliokwisha kuhitimu. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili na wale ambao hawakufika wayasome.



Leo sitazungumza juu ya mbolea, wala juu ya choo bora, wala juu ya chanjo ya kuku. Leo nataka tuzungumze juu ya hesabu. Wengine wenu mlipokuwa mnajifunza kugawanya na kuzidisha, mlikuwa mkiniuliza: "Mwalimu, hii itatusaidia nini?" Leo mtaona. Kuna watu katika nchi tajiri, waliosoma shule miaka mingi, ambao wamepoteza mshahara, nyumba na hata ndoa, kwa sababu ya hesabu moja ndogo ambayo hawakuifanya. Hesabu yenyewe haizidi zile mlizozifanya katika madaftari yenu.

Ninataka kuwapeleka Uingereza. Halafu tutarudi hapa kwetu.

DUKA LA KAMARI

Uingereza kuna maduka ambayo hayauzi sukari wala sabuni. Yanapokea dau. Dau ni ile fedha ambayo mtu anaiweka akitumaini kushinda. Zamani dau lilikuwa zaidi juu ya mbio za farasi na mbwa. Mtu anasema, "Farasi huyu atashinda." Akishinda, analipwa. Asiposhinda, fedha imekwenda.

Kabla ya mwaka 1961 maduka ya namna hii hayakuruhusiwa. Lakini watu walicheza kwa siri. Kulikuwa na watu waliopita mitaani wakikusanya dau, na polisi wakiwafukuza. Serikali ikaona ni heri jambo hili lifanywe mahali panapoonekana. Mwaka 1960 Bunge likapitisha sheria, na mwezi Mei 1961 maduka yakaanza kufunguliwa.

Mtu wa zamani alikuwa na kitu kimoja kilichomsaidia: alilazimika kungoja. Mbio za farasi si kila dakika. Unaweka dau, unangoja, unakunywa chai, unatazama matokeo. Katika kungoja mtu hupata nafasi ya kufikiri. Anaweza kusema, "Basi, inatosha, ninakwenda nyumbani." Neno hili la kungoja msilisahau. Tutalirudia.

MASHINE IKAINGIA

Karibu na mwaka 2001 kitu kipya kiliingia katika maduka hayo. Ni mashine yenye kioo kama cha televisheni. Ukiigusa inakuonyesha gurudumu lenye namba. Mchezo wa gurudumu hilo unaitwa ruleti. Unachagua namba, gurudumu linazunguka, namba moja inatoka. Kisha unaweka tena. Mchezo mmoja ulichukua sekunde 20 tu.

Kwa nini mashine ziliingia wakati ule? Jibu liko katika kodi. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hesabu inapoanza.

Zamani serikali ya Uingereza ilitoza kodi juu ya dau lenyewe. Kwa kila pauni 100 zilizowekwa, ilichukua karibu pauni 7. Pauni ni fedha ya Uingereza. Siku hizi pauni moja ni zaidi ya shilingi 3,000 za Tanzania. Sasa, mchezo wa ruleti unambakizia mwenye duka chini ya pauni 3 katika kila pauni 100. Je, mtu anayebakiwa na 3 anaweza kulipa kodi ya 7? Hawezi. Atafilisika. Ni kama mchuuzi wa nyanya anayepata faida ya shilingi 300 kwa tenga, halafu mtoza ushuru anamdai shilingi 700 kwa tenga hilo hilo. Ataacha biashara.

Mwezi Oktoba 2001 kodi ikabadilishwa. Serikali ikaanza kutoza faida ya mwenye duka, siyo dau. Ikachukua 15 katika kila 100 ya kile alichobakiwa nacho. Hapo mashine ikawa na faida. Mnaona, ndugu zangu? Hakuna aliyesimama Bungeni akasema, "Tunataka mashine za ruleti katika kila mtaa." Mabadiliko ya kodi ndiyo yaliyoufungua mlango. Ndiyo maana ninawaambia kila siku, msisinzie katika mkutano mnaposomewa habari za ushuru.

Mwanzoni wenye maduka walisema kwamba hii si mashine ya kamari. Walisema ni njia nyingine tu ya kuweka dau, kwa sababu namba inachaguliwa na kompyuta iliyo mahali pengine. Kwa maneno hayo walikwepa sheria ya mashine. Baadaye ilitungwa Sheria ya Kamari ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kwa ukamilifu Septemba 2007. Sheria hiyo ilikubali kwamba ni mashine ya kamari. Ikaruhusu mashine 4 katika kila duka. Mtu aliweza kuweka hadi pauni 100 kwa mzunguko mmoja. Zawadi kubwa ilikuwa pauni 500.

Pauni 100 kwa sekunde 20! Katika dakika moja kuna mara ngapi sekunde 20? Mara 3. Kwa hiyo mtu aliweza kuweka pauni 300 katika dakika moja. Kwa fedha yetu hiyo ni zaidi ya shilingi laki tisa. Dakika moja! Hata uji haujachemka.

HESABU YA WATU 37

Sasa tuifungue mashine tuone tumboni mwake mna nini.

Gurudumu la ruleti lina namba 37: kuanzia 0 mpaka 36. Tuseme watu 37 wamekaa hapa chini ya mwembe. Kila mmoja amepewa namba yake. Kila mmoja ameweka shilingi 100 mbele yake. Jumla ni shilingi ngapi? Mara 37, shilingi 3,700. Vizuri.

Gurudumu linazunguka, namba inatoka. Mtu mmoja ameshinda. Je, anapewa shilingi 3,700 zote? La. Sheria ya mchezo inasema apewe shilingi 3,600. Shilingi 100 inabaki kwa mwenye gurudumu.

Hakuna aliyeibiwa. Hakuna uchawi wala hila. Gurudumu limezunguka kwa haki, mshindi amelipwa, watu wanampigia makofi. Lakini tazameni: shilingi 100 imetoka katika kundi na haitarudi. Wazungushe tena, nyingine 100 imetoka. Wazungushe tena na tena mpaka jua lizame. Leo ameshinda mzee huyu, kesho atashinda mama yule. Mwenye gurudumu hana haja ya kujua nani ameshinda. Yeye fungu lake ni lile lile kila mara.

Shilingi 100 katika 3,700 ni sawa na shilingi 2 na senti 70 katika kila shilingi 100. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mashine hii inarudisha 97 katika 100," hasemi uongo. Na wewe ukisikia utasema, "Ah, kumbe inachukua 3 tu! Hata dalali wa mazao anachukua zaidi." Hapo ndipo mtego ulipo.

UNGA NA MASHINE YA KUSAGA

Chukua debe moja la mahindi. Nenda kwa mwenye mashine ya kusaga. Tuseme yeye hatozi fedha, anachota kidogo tu, sehemu karibu 3 katika kila 100. Umesaga, umebeba unga wako, debe limepungua kidogo sana. Hukasiriki. Ni haki yake.

Lakini tuseme wewe huondoki. Unaurudisha unga ule ule juu ya mashine. Anachota tena. Unaurudisha tena. Anachota tena. Nimeifanya hesabu hii. Ukiupitisha unga mara 25, debe limekuwa nusu debe. Ukiupitisha mara 100, unabaki na vibaba vya kuokoteza, sehemu 6 hivi katika zile 100 ulizokuja nazo.

Hivyo ndivyo fedha inavyokwenda katika mashine ya kamari. Mchezaji haweki fedha yake mara moja akaondoka. Anachoshinda anakirudisha. Ndiyo yale waliyosema wazee: bandu bandu huisha gogo. Shoka lenyewe ni dogo, lakini halipumziki.

Sasa kumbukeni lile neno kungoja. Ukiupitisha unga mara moja kwa wiki, mara 25 zitakuchukua nusu mwaka. Ukiupitisha kila sekunde 20, mara 25 ni dakika 8 na sekunde 20.

WASTANI NI NINI

Kijana mmoja hapo nyuma anatikisa kichwa. Anasema, "Mwalimu, mimi namjua mtu aliyeshinda." Ni kweli, bwana. Hata mimi sikatai. Wapo wanaoshinda leo. Kama hakuna anayeshinda hata siku moja, nani angerudi kesho?

Hapa tunahitaji neno wastani. Mwaka wa kwanza shamba limekupa magunia 12. Mwaka wa pili, ukame, magunia 3. Mwaka wa tatu magunia 9. Jumla 24, gawanya kwa 3, unapata 8. Hakuna mwaka hata mmoja uliovuna magunia 8 kamili. Hata hivyo 8 ndiyo habari ya kweli ya shamba lako.

Mashine nayo iko hivyo. Jioni moja utatoka na fedha. Jioni nyingine utatoka mikono mitupu. Ukicheza mara nyingi, wastani unakufikia. Wastani haupotei njia.

Tuufanyie hesabu. Mtu anaweka pauni 100, mara 3 kwa dakika, kwa saa moja. Dakika 60 mara 3 ni mizunguko 180. Mara pauni 100 ni pauni 18,000 zilizopita mkononi. Katika kila 100 zinabaki kwa mashine pauni 2 na peni 70. Kwa saa moja, wastani wa hasara ni pauni 486. Hiyo ndiyo "3 tu katika 100" ikishatembea saa moja.

HASARA YA NCHI NZIMA

Kufikia mwaka 2017 Uingereza ilikuwa na mashine hizi karibu 33,000. Watu walipoteza humo karibu pauni bilioni 1.8 kwa mwaka. Siyo fedha walizoweka. Hapana. Ni zile walizoweka ukitoa zile walizorudishiwa. Ni hasara tupu.

Bilioni ni neno kubwa, linaweza kutupita kichwani kama ndege. Tuligawanye. Gawanya kwa mashine 33,000, kila mashine ilipata karibu pauni 54,500 kwa mwaka. Gawanya kwa wiki 52, ni kama pauni 1,050 kila wiki, kila mashine, na mashine hailipwi mshahara, haiugui, haiendi likizo.

Na zilitoka mifukoni mwa nani? Maduka yalikuwa mengi zaidi katika mitaa ya watu wenye kipato kidogo. Katika halmashauri ya Newham, upande wa mashariki wa London, sehemu yenye maskini wengi, kulikuwa na maduka ya kamari zaidi ya 80. Kwa kuwa sheria iliruhusu mashine 4 kwa duka, wapinzani walisema kampuni zinafungua maduka kadhaa mtaa mmoja ili kuongeza idadi ya mashine.

MABISHANO

Ndugu zangu, tusiwe watu wa kusikiliza upande mmoja. Wenye maduka nao walikuwa na maneno yao.

Walisema, mtu mzima ana haki ya kutumia fedha yake apendavyo. Walisema, wengi wanacheza kwa starehe na hawapati matatizo. Walisema, tunalipa kodi na tumeajiri watu. Mkitubana, maduka yatafungwa na vijana watakosa kazi. Tena walisema, mchezaji mwenye shida mkimzuia hapa atakwenda kucheza kwenye simu.

Hayo si maneno ya kupuuza. Mwezi Julai 2019, baada ya sheria kubadilika, kampuni ya William Hill ilitangaza mpango wa kufunga maduka karibu 700, na kazi kama 4,500 zikawa hatarini. Mfanyakazi wa duka la kamari naye ana watoto.

Upande wa pili walisema hivi. Starehe gani hii inayoruhusu mtu kuweka mshahara wa wiki katika dakika mbili? Walisema, mtu aliyeshikwa na mchezo huu hana tena ule uhuru wa kuchagua mnaoutaja. Anacheza kama mlevi anavyokunywa. Walisimama watu waliowahi kunaswa na mashine, wakaeleza wenyewe. Walisimama wazazi ambao watoto wao walijiua kwa sababu ya kamari. Walisimama wabunge wa vyama mbalimbali, na kiongozi wa kundi lao alikuwa mbunge Carolyn Harris kutoka Swansea. Halmashauri ya Newham na halmashauri nyingine nyingi ziliiomba serikali ipunguze dau kutoka pauni 100 mpaka pauni 2. Mwaka 2015 serikali ikakataa.

Badala yake, tangu Aprili 2015, mtu aliyetaka kuweka zaidi ya pauni 50 alitakiwa kwanza ajulikane au apitie kwa karani. Yaani wakamrudishia kidogo ile nafasi ya kungoja. Wengi wakaweka pauni 50 au pungufu, mambo yakaendelea.

SHERIA IKABADILIKA

Watu hawakuchoka. Mwaka 2016 serikali ikaanza kulichunguza jambo upya. Mwezi Machi 2018 Tume ya Kamari, ambacho ndicho chombo kinachosimamia kamari huko, ilishauri kwamba dau la ruleti liwe pauni 30 au pungufu. Serikali ikaamua kwenda chini zaidi. Tarehe 17 Mei 2018 ilitangaza kwamba dau la juu litakuwa pauni 2.

Lakini tangazo si utekelezaji. Mnajua wenyewe, barabara hutangazwa leo na kulimwa baada ya masika tatu. Mwezi Oktoba 2018 Waziri wa Fedha akasema sheria itaanza Oktoba 2019. Waliokuwa wakipigania mabadiliko walitegemea Aprili. Tofauti ni miezi 6. Fanyeni hesabu: hasara ya mwaka ni bilioni 1.8, ya nusu mwaka ni ngapi? Milioni 900. Hiyo ndiyo bei ya kuchelewa miezi 6.

Waziri mdogo aliyeshughulikia michezo na kamari, mama Tracey Crouch, alijiuzulu tarehe 1 Novemba 2018 kwa kupinga ucheleweshaji huo. Waziri kuacha kiti chake kwa ajili ya miezi 6! Wabunge wengi wakamwunga mkono, hata wa chama chake. Kabla Novemba haijaisha, serikali ikakubali. Tarehe 1 Aprili 2019 dau la juu likawa pauni 2.

JE, MAMBO YAMEKWISHA?

Mama mmoja ananiuliza, "Basi wameshinda?" Mama yangu, wameshinda sehemu.

Wiki ile ile sheria ilipoanza, kampuni mbili zilileta michezo mipya inayofanana na ruleti. Dau lake lilikuwa hadi pauni 500! Walisema si mashine, unaweka dau kwa karani. Tume ya Kamari ikawakemea, michezo ikaondolewa. Mnaona, sheria ni kama ua wa boma. Ukimaliza kuziba tundu hili, fisi anatafuta lingine. Ua unahitaji kukaguliwa kila siku.

Tena, mashine hazikuondolewa madukani. Zimebaki, na michezo ya pauni 2. Lakini mingi kati ya hiyo si ya sekunde 20. Inaweza kuchukua sekunde 2 na nusu tu. Tufanye hesabu. Dakika moja ina mara 24 za sekunde 2 na nusu. Mara pauni 2 ni pauni 48 kwa dakika. Zamani ilikuwa pauni 300. Kwa hiyo nafuu ipo, tena kubwa. Lakini kwa saa moja asiyepumzika anaweza kupitisha pauni 2,880. Tuseme mashine inabakiza 10 katika 100. Hasara ya saa, kwa wastani, ni pauni 288. Ile ya zamani ilikuwa 486. Imepungua, haikwisha.

Hapa nataka mwandike katika madaftari. Ukitaka kujua mashine ya kamari ina nguvu gani, uliza mambo matatu. La kwanza, dau ni kiasi gani. La pili, mchezo mmoja unachukua muda gani. La tatu, katika kila 100 inabakiza ngapi. Akikutajia moja tu, amekuficha mawili. Dau dogo lenye mwendo wa mbio linaweza kukumaliza sawasawa na dau kubwa la polepole.

Na yale maneno kwamba wachezaji watakwenda kwenye simu, nayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Ndiyo sababu Aprili 2020 Uingereza ilikataza kucheza kamari kwa kadi ya mkopo. Na tangu Aprili 2025 michezo ya picha zinazozunguka ya kwenye simu na kompyuta ina mpaka: pauni 5 kwa mchezo. Mwezi Mei 2025 ikawekwa pauni 2 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24. Sheria ilianza dukani, ikawafuata watu mpaka mfukoni.

Kuna jambo jingine zuri huko. Mtu akijiona amezidiwa, anaweza kuomba mwenyewe azuiwe. Anajiandikisha, na maduka ya eneo lake yanatakiwa yasimpokee. Tena mashine inatakiwa ionyeshe kwa maandishi inarudisha kiasi gani katika 100. Bila shaka wewe mwanakisomo unaelewa: maandishi hayo yanamsaidia anayejua kusoma, na anayesimama kuyasoma.

NA SISI HUKU?

Sasa turudi nyumbani. Mashine za kamari hapa kwetu si hadithi ya Ulaya. Ziko kwenye vilabu vya pombe, ziko karibu na vituo vya mabasi, ziko hata pembeni mwa maduka ya senta. Vijana wanaziita dubwi. Unatumbukiza sarafu ya shilingi 200, taa zinawaka, mlio unalia, picha zinazunguka.

Shilingi 200 ni kitu gani? Wala huoni tabu. Tuseme mtu anaingiza sarafu 4 kwa dakika. Hiyo ni shilingi 800. Kwa saa moja ni shilingi 48,000 zilizopita katika mashine. Zile anazoshinda anazirudisha, kwa hiyo hakuja na zote hizo mfukoni. Tuseme mashine inabakiza 10 katika 100. Kwa wastani ameacha shilingi 4,800 kwa saa. Saa moja kila jioni, siku 30, ni shilingi 144,000. Haya, nani hapa anaweza kuzitoa kwa mkupuo bila kuuza mbuzi? Lakini kwa sarafu zinatoka, wala mke nyumbani hajui zimepita wapi.

Na huyo mashine akibakiza 20 katika 100, hasara ni mara mbili. Je, mmewahi kuona dubwi limeandikwa linabakiza ngapi? Muulizeni mwenyewe. Mwenye duka anayekuuzia mchele anakuonyesha mizani. Kwa nini huyu asikuonyeshe mizani yake?

Nchini Tanzania iko Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na iko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni. Mashine inatakiwa iwe na leseni. Mtoto aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Basi mkiona mtoto wa shule ana sare zake, anatumbukiza hela ya daftari, hilo si jambo la kusema "haya ni mambo ya vijana." Ni kuvunja sheria, na mwenye mashine ndiye wa kuulizwa kwanza.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wenu. Mnaweza kuliweka jambo hili katika ajenda. Mnaweza kumwita mwenye mashine, kwa adabu, aonyeshe leseni yake. Halmashauri ya kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo, ikipitishwa na mkutano ikapelekwa halmashauri ya wilaya. Lakini msivunje mashine ya mtu kwa mawe. Waliobadilisha mambo Uingereza hawakuvunja kioo. Walihesabu, wakaandika, wakapeleka, wakakataliwa, wakapeleka tena. Halmashauri zilikataliwa mwaka 2015, na pauni 2 waliyoitaka ikapatikana 2019.

Na nyumbani je? Huko silaha yetu ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayecheza, simtukani. Ninamwomba jambo moja: aandike. Kila siku, mistari miwili. Niliingia na shilingi ngapi? Nilitoka na ngapi? Asiandike siku za kushinda peke yake, maana hizo kichwa kinazikumbuka chenyewe. Siku za kushindwa ndizo kichwa huzisahau. Baada ya mwezi ajumlishe, bila kumwonyesha mtu. Akiona faida mwezi hadi mwezi, mimi nitanyamaza. Akiona hasara, hatahitaji mahubiri yangu.

Na akiona hasara na bado miguu inampeleka kule kule, basi ajue ameshikwa. Hapo si aibu kumwambia mke, au ndugu, au mganga wa zahanati. Wenzake wamfanyie kama wanavyomfanyia anayeacha pombe: wasimcheke, wasimkopeshe, wamtunzie fedha.

Ndugu zangu, gurudumu lina namba 37 na linalipa 36. Mshindi wa leo atapigiwa makofi, na ile moja iliyobaki haitapigiwa makofi na mtu. Sisi tuliojifunza kuhesabu, kazi yetu ni kuitazama hiyo moja.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KUNDI

1. Ikiwa watu 37 wanaweka shilingi 200 kila mmoja, na mshindi analipwa shilingi 7,200, mwenye gurudumu anabakiwa na shilingi ngapi? Wakicheza mara 50, anabakiwa na ngapi?

2. Kwa nini mabadiliko ya kodi ya mwaka 2001 yaliziwezesha mashine kuingia madukani Uingereza?

3. Wenye maduka walisema kupunguza dau kutaondoa kazi. Ninyi mnaonaje? Mngeamuaje?

4. Katika kijiji chenu kuna mashine ngapi? Zina leseni? Watoto wanazifikia?

5. Ni lipi gumu zaidi kubadilisha: dau, mwendo wa mchezo, au kiasi kinachobaki katika mashine? Kwa nini?